Tiara za watoto zapaa, yangu yaanguka

Assalaam aleikum Ami,

Mimi ni mwanamume wa miaka 33, nakaa Majengo, Mombasa, na kazi yangu ni ukarani katika ofisi ya kutoa mizigo bandarini. Nina mke na watoto wawili. Nakuandikia jambo ambalo nikilisema barazani wenzangu watalifanya mzaha, na mimi limenikaa rohoni.

Mwisho wa Machi binamu yangu aliyeko Maskati alikuja likizo akaniletea tiara. Si hizi za gazeti na chelewa tulizochezea utotoni. Hii ni ya kitambaa cha nailoni, haina kijiti hata kimoja, ina vyumba vyumba vinavyojaa upepo, na ina kamba mbili za mita 20 zenye vishikio viwili, kimoja kila mkono. Ukiitandaza ni mita mbili na kitu. Binamu aliniambia kwamba watu hujifunzia hizi kabla ya kushika zile kubwa zinazomvuta mtu juu ya ubao baharini. Mimi bahari siitaki, hata kuogelea sijui vizuri. Nilitaka tu niirushe, nijue kuiongoza, na siku moja initeleze mchangani. Tangu udogo wangu napenda ule mvuto wa upepo ukiusikia kwenye vidole.

Ami, hii ni wiki ya tisa. Kila Jumamosi na Jumapili baada ya alasiri naenda uwanja wa jirani, uliozungukwa na majumba ya ghorofa na miarobaini. Naitandaza, narudi nyuma, navuta. Inapanda mita tano, sita, kisha inalegea kama kanga iliyolowa na kuanguka. Siku nyingine inapanda vizuri, moyo unafurahi, mara inanivuta mpaka viatu vinaburura, na kabla sijajiweka sawa kamba zote zimelegea na tiara iko chini. Na kila ikipanda hukimbilia kushoto, hata nikivuta kulia. Nimeanza kuamini kwamba mkono wangu wa kulia una ila. Nusu ya jioni hupita nimepiga magoti vumbini nafumua kamba nyembamba kama mshipi wa kuvulia, fundo ndani ya fundo.

Linaloniuma zaidi ni watoto. Uwanja huohuo, saa hiyohiyo, wao wanarusha tiara zao za karatasi za daftari, na zinapaa mpaka unaziona ndogo kama kunguru. Wananiuliza, "Mzee, ya kwako mbona haitaki?" Wazazi wao wanacheka kwa mbali.

Nilimlipa kijana mmoja anayefunza watalii shilingi 3,000 kwa masomo mawili. Alikuja mara moja, akaishika mwenyewe dakika 20, akasema, "Hapa upepo mbovu," akaenda zake. Sijamwona tena.

Halafu Jumapili mbili zilizopita likatokea hili. Timu ya mtaa ilikuwa ikicheza. Tiara ilikata kona ghafla ikashuka upande wa goli, na kamba ikapita nyuma ya goti la mtoto wa miaka tisa hivi aliyekuwa akikimbia. Ilimwachia alama nyekundu, ndefu kama kidole. Akalia. Nilimpa shilingi 200 akanunue soda, nikakusanya vitu vyangu nikaondoka upesi, maana niliona watu wazima wakija. Jumamosi iliyofuata askari wa uwanja akanikataza kurudi na "mitambo" yangu.

Mke wangu asema niiuze. Nami nimechoka. Lakini kila upepo ukivuma usiku nikausikia kwenye mabati, nalala nikiiwaza. Niiache, Ami? Au kuna kitu sikioni?

Mwanao,
Aliyechoka, Majengo

*

Waaleikum salaam, mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nilikwama kwenye goti la yule mtoto. Nitaanza hapo, tiara itangoja.

Kamba zile hutengenezwa ziwe nyembamba na zisivutike sana, ndiyo maana zinaongoza vizuri. Zikiwa zimekazwa na tiara inakimbia, zikipita kwenye ngozi huchoma kama moto. Goti lile lingeweza kuwa shingo. Wewe ulimpa mtoto shilingi 200 ukaondoka, na nadhani sehemu ya uchovu unaoniandikia ni hiyo, kwamba kila ukienda pale unaogopa kukutana na uso wa mamake. Basi nenda ukakutane nao. Nenda na mkeo, jioni hii ukiweza, mbishe hodi, mpe pole, mwambie ilivyokuwa na kwamba hukustahili kuirusha mahali watoto wanapokimbia. Mwangalie mtoto jeraha lake limeponaje. Ukilaumiwa, nyamaza usikilize. Na yule askari aliyekukataza, mshukuru. Alifanya kazi yake.

Sasa tuje kwenye swali lako. Kuna kitu hukioni, ndiyo, na usijilaumu kwa kutokiona kwa sababu hakionekani. Ni upepo wenyewe.

Mjomba wangu alikuwa na ngalawa Likoni. Nilipokuwa na miaka kumi na miwili alinichukua mara ya kwanza, nami nikawa na pupa ya kutweka tanga tungali karibu na pwani, chini ya miti na ukuta wa mwamba. Alinizuia mkono. Tukapiga kafi mpaka tukatoka kabisa kwenye kivuli cha ile miti, ndipo akasema, "Sasa." Nilimwuliza kwa nini, maana hata kule upepo ulikuwapo. Akanionyesha maji. Karibu na miti, uso wa maji ulikuwa na mabaka, huku viwimbi vinaenda kulia, kule vinaenda kushoto, katikati maji yamelala kama mafuta. Mbele yetu viwimbi vyote vilikuwa vikija njia moja. Sijaisahau picha ile, na nilipofika pale unaposema ghorofa na miarobaini, niliyaona yale mabaka tena.

Upepo ukigonga jengo hupanda juu yake, kisha nyuma yake huanguka na kujisokota, na mkorogo huo hausafiki mara moja. Wanaorusha tiara za kuvuta huwa na kipimo cha kukadiria: simama mbali na kizuizi angalau mara saba ya kimo chake, na mara kumi ni bora. Sasa piga hesabu. Nyumba ya ghorofa nne ina kimo cha mita 12 au 13. Mara saba ni kama mita 90. Uwanja wako hukuutaja, lakini nionyeshe uwanja wa mtaani kisiwani Mombasa, uwe Makadara, uwe Tononoka, ambapo utasimama mita 90 kutoka kila nyumba na kila mti ulio upande upepo unakotoka, na bado ubakiwe na nafasi tupu mbele yako. Wiki tisa umekuwa ukirusha tiara ndani ya mkorogo. Ndiyo maana inalegea kama kanga, na ndiyo maana baadaye inakuburura. Upepo ukizidi mara mbili, nguvu yake kwenye kitambaa huzidi mara nne. Ukitoka kilomita 10 kwa saa ukafika 20 kwa pumzi moja, mikono yako itadhani umenaswa na gari.

Na watoto je? Hapa ndipo napenda uwatazame vizuri badala ya kuwaonea haya. Tazama wanavyoanza. Mmoja anashika tiara, mwenzake anakimbia na uzi. Mita kumi, kumi na tano za kwanza ni taabu tupu, tiara inayumba, inazunguka, inaanguka, wanaiokota, wanaongeza mkia wa kitambaa, wanarudia. Wanavuta, wanalegeza, wanavuta. Kisha inafika mahali fulani, na kuanzia hapo haiwasumbui tena, wanaachia uzi tu na yenyewe inapanda. Mahali hapo ni juu ya paa. Wao wana uzi mrefu, mita 60, mita 100, kadiri walivyoweza kuokoteza, na tiara yao nyepesi ikishavuka mapaa inakutana na upepo safi utokao baharini. Yako imefungwa kwenye mita 20. Haiwezi kuvuka, itabaki kwenye mkorogo jioni nzima hata ingeshikwa na fundi wa kutoka Maskati. Hao watoto hawakushindi akili wala mikono, wana uzi mrefu kuliko wako. Na usifikirie kuzirefusha kamba zako ili uwafuate. Tiara ya kuvuta inayomshinda mtu juu ya nyumba na nyaya za umeme ni balaa.

Yule kijana wa 3,000 ana deni lako na ni haki yako kumdai somo la pili. Lakini lile neno lake moja lilikuwa na thamani ya pesa, kasoro tu hakukufafanulia.

Kisha kuna majira. Ulianza mwisho wa Machi. Kaskazi ilikuwa inakata, kusi haijashika, tupo katikati ya tangambili, upepo hauna mwenyewe, na mvua za masika ndizo hizo mlangoni. Hata nahodha wa jahazi asingechagua miezi hiyo kumfunza mtu tanga. Sasa kusi umeingia. Kuanzia Juni mpaka Septemba utavuma siku nyingi mfululizo kutoka upande mmoja, na hicho ndicho mwanafunzi anachohitaji.

Kwa hiyo toka kisiwani. Panda matatu ya Mtwapa, shuka Pirates, uende ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, na ukishafika mchangani tembea mbali na watu, ngamia na mipira. Usiende Jumapili. Usiende sikukuu. Omba ruhusa kazini asubuhi moja ya katikati ya wiki, au tumia siku yako ya likizo, kwa sababu asubuhi moja yenye upepo safi itakufunza kuliko hizo wiki tisa. Askari wa hoteli akikuuliza umepata wapi ruhusa, mjibu kwa adabu kwamba ardhi iliyo kati ya maji yanapojaa na yanapokupwa ni ya umma, Kifungu cha 62 cha Katiba ya 2010 kimesema. Lakini wageni wakiwa wamelala karibu, sogea. Haki ya kuwa pale haikupi haki ya kumpitishia mtu kamba usoni.

Mama Ngina, kule ukingoni mwa kisiwa, usiende, ingawa najua utatamani kwa jinsi upepo unavyovuma pale. Upepo unaopanda ule ukingo wa mwamba hufika juu umeshavurugika, mibuyu iko kila mahali, na jioni hapapiti nusu saa bila mtoto na mihogo yake kukatiza mbele yako. Na viwanja vya Changamwe na Port Reitz viache kabisa, ndege hushuka upande huo.

Ya kuchagua siku nayo ni rahisi kwa mtu wa pwani. Tazama kalenda ya mwezi. Mwezi ukiandama na ukifika siku ya kumi na nne, subiri siku moja au mbili, hiyo ndiyo bamvua, na siku za bamvua maji kwetu hukupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi. Bahari inarudi nyuma na kukuachia uwanja wa mchanga mgumu, uliolowa, ambao huna haja ya kuugombea na timu yoyote. Usiwahi sana, maana alfajiri kunaweza kuwa na umande, ule upepo utokao bara, nao utakupelekea tiara baharini. Ngoja mpaka upepo utoke kwenye maji, uusikie usoni ukitazama bahari. Hapo geuka, simama karibu na maji, mgongo uupe upepo, tiara iwe upande wa nchi kavu. Wewe usiyejua kuogelea, msimamo huo ndio wako, kwa sababu ikikuvuta itakuvuta kwenye mchanga mkavu. Hakikisha mbele yako pako wazi urefu wa kamba na zaidi ya mara mbili tena, na kila upande urefu wa kamba. Maji yakianza kurudi na mchanga kupungua, kunja, nenda ukanywe madafu. Na ukiona bahari yote imejaa povu jeupe au mchanga unaruka na kukupiga miguuni, siku hiyo usiifungue.

Kabla ya yote hayo, mkono wako wa kulia hauna ila. Tiara ikikimbilia upande mmoja kila mara, bila kujali unavuta nini, shuku kamba. Kamba mpya hutanuka, na mara nyingine moja hutanuka kuliko mwenzake. Leo jioni, bila tiara, funga ncha zote mbili kwenye nguzo moja, rudi nyuma mpaka mwisho, vuta vishikio kwa nguvu sawasawa kisha viweke pamoja. Nina hakika kubwa kwamba cha kushoto kitakuwa kimebaki nyuma, karibu na nguzo. Kamba fupi ndiyo inayovuta, tiara inageuka kuifuata. Ile ndefu ipige fundo dogo kwenye ncha, upime tena, mpaka vishikio vikae bega kwa bega. Wiki zote hizo umekuwa ukipigana na vidole vitatu vya kamba.

Mafundo yatakwisha ukibadili namna ya kukunja. Zungusha kamba zote mbili pamoja kwenye vishikio kwa mfano wa nane, si duara, na ukifungua tembea ukizilaza chini taratibu. Zikijisokota zenyewe kwa zenyewe mara mbili tatu tiara ikiwa hewani, usihofu, zinateleza na bado itakutii. Izungushe upande wa pili zifumuke.

Kuirusha: ilaze chali, kamba zake ndogo zikitazama juu, ukingo wa nyuma ukiuelekea upepo na kukuelekea wewe. Juu ya ukingo huo weka mchanga, konzi mbili tatu, uizuie. Rudi kwenye vishikio, vaa ule mkanda wa usalama, mkono mmoja tu, ukiwa umefungwa kwenye kishikio kimoja. Sikuona ukiutaja popote katika barua yako, na hilo lilinitia wasiwasi. Zitazame kamba zako zote kwa mara ya mwisho, kisha rudi hatua mbili na uvute. Utaona midomo ya vile vyumba ikifunguka, kitambaa kikijaa, mchanga ukimwagika, na itapanda. Ipeleke juu kabisa ya kichwa na uiache hapo. Siku nzima ya kwanza, hiyo tu. Juu kichwani tiara haina nguvu nyingi. Nguvu yote iko mbele yako, chini, pale ambapo mtu anayeanza hupenda kuipitisha kwa sababu panaonekana pa salama. Viwiko vyako vikunje, mikono iwe mbele ya kifua, ukivuta vuta kiasi cha kiganja. Upepo ukipungua na kamba zikalegea, usipungie mikono, rudi nyuma hatua tatu haraka, zitakaza.

Na zoezi la kwanza kabisa, kabla ya kufurahia lolote, liwe kuachia. Irushe, kisha achia vishikio makusudi. Kama mkanda umefungwa vizuri, tiara itabaki na wewe kwa kamba moja tu, nayo itapoteza upepo ilale. Fanya mara kumi. Mtu akiogopa hukaza ngumi na kuvuta kifuani, na hapo ndipo anapoiongezea tiara nguvu. Nataka mikono yako izoee kufunguka yenyewe, ili siku mtoto akitokea mbele usiwe na la kufikiria.

Upande mmoja wa barua yako nimeupita haraka, ule wa kuchekwa. Nauona, mwanangu. Lakini nenda baraza yoyote ya Mji wa Kale baada ya alasiri uone wazee wa miaka sabini wakigombania kete za bao kama urithi, na hakuna anayesema wamerudi utotoni. Mtu mzima ana haki ya kitu kinachomfurahisha moyo. Mkeo hakuchoka na tiara, nadhani, amechoka kukuona ukirudi na uso huo. Mchukue siku ya Pirates, yeye na watoto. Akusimamie upande wa watu na kuwaambia wapitie mbali. Kila anayeanza anahitaji mtu wa kumlindia njia. Watoto wako wabebe tiara ya karatasi, wairushe mbali na kamba zako. Pale upepo ni safi kuanzia chini, hawatakuwa na haja ya kukimbia.

Usiiuze. Niandikie ukishapima zile kamba kwenye nguzo, nataka kujua ya kushoto ilipungua kiasi gani, na mamake yule mtoto alikupokeaje.

Ami yako